Simu Niliyompigia Baba

Kaka yangu,

Shikamoo. Viatu vimefika, vimenikaa utafikiri ulinipima. Asante sana. Mama ameshavijaribu mara mbili akidhani simwoni.

Kazini hospitalini tumekiona cha moto. Ile kampuni inayowatumia wagonjwa wetu ujumbe wa kuwakumbusha miadi, mitambo yake ilizimika. Ukiwauliza wanajibu, "Tunalishughulikia," huku matusi tunayala sisi wa mapokezi. Bosi akaamua tuwapigie wagonjwa sisi wenyewe, kila mtu kwa simu yake. Muuguzi akawa ananisomea namba, mimi nabonyeza.

Tulipofika kwa wagonjwa wa moyo, namba moja nilipomaliza kuibonyeza, kioo kikaandika "Baba".

Nikasema kama nilivyowaambia wengine, "Tunakukumbusha miadi yako ya kesho asubuhi." Akasema, "Kumbe ni wewe, mwanangu."

Miezi yote hii alikuwa akituaga kwamba anakwenda kunyoa, na kipara chake unakijua. Kumbe anakuja hospitali, anapita mlango wa nyuma nisimwone.

Safari hii nimeingia naye kwa daktari, kanishika mkono kama mtoto. Dawa zimemkubali, alhamdulillahi. Wenzangu bado wanailaani ile kampuni. Mimi naishukuru kimoyomoyo.

Ameniomba nisikuambie, usije ukaacha kazi ukarudi. Kwa hiyo ukimpigia, jifanye hujui kitu. Muulize tu kama kinyozi wake hajambo.

Mdogo wako,
Kitindamimba