Mngazija wa Benchi la Kahawa

Gerezani, Dar es Salaam
Alhamisi

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kikohozi kimekwisha na dada yangu Mwanahawa mzima. Mimi sijambo, ila mikono imeungua mafuta hapa jikoni hotelini, mtaa wa Gerezani. Mjomba Salum anayekusomea asiruke neno, hata likiniaibisha.

Jana alasiri nilikwenda kunywa kahawa Kariakoo. Kwenye benchi la muuza kahawa nikamkuta bwana mmoja Mngazija, nilimjua kwa lafudhi yake. Kavaa joho jeusi katika joto hili, na bakora kailaza ubavuni ili mtu asimkaribie. Alipoona aproni yangu akavuta joho.

"Kaa mbali, usinipake masizi."

Kisha akaendelea kuwasimulia wachukuzi wa sokoni uungwana wa kwao, na jinsi sisi watu wa kusini tusivyojua hata kushika kikombe. Majivuno gani yale, Mama! Nilitamani kumwagia kahawa.

Lakini alikosea mtu. Unakumbuka miaka miwili niliyokaa Ngazija nikimpikia yule Mfaransa. Nimeziona karamu zao. Kule mwanamume asiyefanya ile harusi yao kubwa, ya kulisha mji mzima, hahesabiwi mtu mzima. Awe na mvi kichwa kizima, atakaa nyuma na vijana na kuwashikia wakubwa sahani. Basi nikamwamkia kwa Kingazija changu kibovu, nikamwuliza kwa Kiswahili, wote wasikie:

"Bwana mkubwa, harusi yako kubwa uliifanya lini?"

Uso ukamshuka.

"Kumbe kwenu wewe ni wa kushika sahani!" nikasema. Wachukuzi wakacheka hadi mmoja akamwaga kahawa yake. Nami nilicheka, sikumwonea huruma hata kidogo. Joho lote lile, na ndani hamna mtu.

Akaweka kikombe chini. "Kweli. Ndiyo maana sirudi, mwaka wa kumi na mbili huu. Dada zangu wote wameolewa mimi sipo. Na wewe, mpishi, kwenu kukoje?"

Nikamjibu kwa jeuri kwamba kwetu dada yangu anaolewa, na tangu baba afariki walii wake wa kumwoza ni mimi.

"Sasa mbona uko hapa?"

Kahawa ikanishinda, Mama. Niliondoka bila kuaga.

Nilikuandikia mara mbili kwamba mwenye hoteli hanipi ruhusa. Ni uongo. Ruhusa ninayo tangu mwezi uliopita. Nilikuwa nangoja nipate suti na gramafoni, nishuke navyo bandarini kwetu Lindi watu waseme mtoto wa fulani kafika. Mwanahawa kawekwa ndani kama mwari ananisubiri mimi, nami nasubiri suti. Yule bwana bado namdharau, lakini yeye angalau sharti lake aliwekewa na mji wake. Langu nimejiwekea mwenyewe kwa upuuzi wangu, na kwa hilo najidharau kuliko ninavyomdharau yeye.

Nisalimie shangazi yangu msuka mikeka, na Bi Zena jirani yetu, mkunga aliyenipokea duniani. Mjomba Salum ahsante kwa kusoma, hata hapa pabaya.

Mwambieni bwana harusi aweke siku. Napanda meli ya Jumanne, mikono mitupu. Nikishamwoza Mwanahawa nitavaa aproni yangu hii hii, niwashikie wageni sahani.

Mwanao,
Hamisi