Chavua ya Mwalimu Kanti

Jumatatu, 16 Oktoba 1972
Nimesaga mawe sita tangu asubuhi. Mikono inanuka asidi. Mawe meusi, tope la kale la ziwa, yalichimbwa kisimani kule magharibi. Mwalimu Kanti, ninayemsaidia maabara ya chuo, anataka kujua kama yaliwahi kuiva. Tope likizikwa chini sana, joto la ardhi hugeuza mabaki ya mimea kuwa mafuta. Joto likipungua, hakuna kitu. Likizidi, hubaki gesi, mwisho masizi. Tunatazama kwenye darubini rangi ya chavua, unga wa maua ya kale uliobaki ndani ya jiwe. Ya njano ni mbichi. Ya kahawia, hapo pana mafuta. Nyeusi imeungua.

Jumanne, 24 Oktoba
Mwalimu alizaliwa Jinja, hapa hapa Uganda. Leo amepeleka cheti chake cha uraia kukaguliwa. Karani amekichana mbele yake. Amri ya serikali ni Wahindi watoke nchini kabla ya tarehe nane Novemba, naye yumo. Amerudi maabara, akavaa koti lake jeupe, akaendelea na kazi. Mimi nimelia chooni.

Jumatano, 1 Novemba
Jiwe la chini kabisa. Chavua ya kahawia. Imeiva. Ameangalia mara tatu, kisha akaniachia kiti niangalie. Miaka kumi na moja ameitafuta rangi hiyo. Hatukushangilia. Nina hasira, na sina wa kumwambia.

Jumapili, 5 Novemba
Nimemsindikiza Entebbe, uwanja wa ndege. Kwenye kizuizi askari wamepekua sanduku lake. Wakakuta daftari la vipimo, na michoro ya visima.
"Kitabu hii ya nani? Ramani ya Uganda napeleka wapi?"
Mmoja alishamkamata ukosi. Nikasema daftari ni langu, mimi mwanafunzi, limechanganyika na nguo za mzee. Uongo mtupu. Wamenitupia daftari, wakatuachia.
Kazi yake yote imebaki mkobani mwangu. Nimemwomba msamaha.
"Libaki, binti yangu," alisema. "Mawe yenyewe yako huku."
Akaingia ndani. Hakugeuka.

Jumatatu, 6 Novemba
Sikwenda kazini. Mama ameleta uji. Umepoa mezani.

Alhamisi, 16 Novemba
Hakuna mwalimu mwingine. Nimepewa darasa lake, wanafunzi wanne. Mmoja ameuliza tope huchukua muda gani kuwa mafuta. Mamilioni ya miaka, nimemjibu, na lisiguswe. Wameandika. Walipotoka nimefunga mlango, nikakaa. Mvua inanyesha mtaani Wandegeya.