Maji ya Juu ya Karakana Yako

Kaka yangu,

Mama hajambo. Paka wako amezaa ndani ya pipa la kulowekea ngozi, nami sina moyo wa kumhamisha.

Idara yetu ya mazingira imekufungia karakana kwa ripoti yangu, miezi sita sasa, na mto bado mweusi. Siku ya kupima nilichota maji chini ya karakana yako tu. Kule juu ya mto, kiwandani, mlinzi aliniambia, "Bosi hayupo, dada," nikarudi zangu. Uchafu wao nikauandika kwa jina lako.

Juzi nilipima kule juu; uchafu unatoka kwao. Mkuu wangu akayafungia majibu kwenye droo. "Kile kiwanda kina wenyewe. Achana nacho."

Mama bado anawaambia majirani wewe ndiye uliyeharibu mto, maana mimi msomi siwezi kukosea. Namsikiliza, nimenyamaza.

Mdogo wako, uliyemsomesha kwa ngozi hizo hizo.