Juisi ya Chiriku

Bwenini, 4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Mimi mzima, ila kikohozi kinatuzunguka bweni zima kwa zamu. Mwalimu wa kemia anataka kila mmoja alete kimiminika kutoka kwao, wenzake wapime na kutaja kilichomo bila kuonja. Nimewaza juisi yako ya ndimu. Nitumie chupa moja kwa dereva wa lori. Na mdogo wangu Chiriku je, bado anaongea hadi usingizini?

Mwanao mkubwa


Gereji, 13 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tunasukuma siku. Chupa hiyo. Waambie wenzako wasihangaike: ndimu, sukari na maji, basi. Siri ni ubaridi. Ile rejeta ya lori bovu niliyoilehemu mwenyewe inalala imejaa juisi ndani ya pipa la maji, asubuhi inatoka baridi hadi meno yanatetemeka. Haivuji hata tone! Chiriku tumbo linamsokota, na siku hizi kimya kama mgeni. Mama yako anasema amekua. Chakula hataki, anataka juisi tu, nami simnyimi.

Baba yenu


Bwenini, 21 Februari

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa salamu fupi. Nakuomba usimpe tena Chiriku juisi.

Wenzangu walipata tindikali na sukari, tukacheka, nikadhani tumemaliza. Mwalimu akaichemsha ikapungua, akadondoshea dawa ya mwisho, kukatokea chembechembe za njano, nzuri kama kiini cha yai. Nilipiga makofi peke yangu. Yeye aliosha vyombo, akarudia. Njano ileile. Ni madini ya risasi, Baba. Yamo kwenye lehemu, na ukali wa ndimu unayayeyusha usiku kucha. Yanaharibu damu na ubongo. Mpeleke hospitali apimwe; mwalimu ameandika kikaratasi, kimo humu. Hukujua. Ulitaka tu anywe cha baridi.

Mwanao


Gereji, 17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema, nikaikasirikia. Nikamwambia mama yako, "Lehemu nimeishika tangu sijaoa, mbona mzima? Mtoto wa juzi ndiye anifundishe rejeta?" Nikanywa vikombe viwili mbele yake, aone. Chiriku alikuwa amesimama hapo na kikombe chake, anangoja. Nikamjazia.

Jumanne iliyofuata alishikwa na degedege. Damu imepimwa, ni hicho ulichosema. Wanamchoma sindano za kuitoa sumu. Amefumbua macho, ila hasemi. Rejeta nimeikata vipande. Mama yako ananitazama tu.

Baba yenu


Bwenini, 30 Machi

Baba,

Shikamoo. Na ya Mama mfikishie. Mwalimu ameniwekea alama za juu kuliko wote. Nilimwomba azifute, akatoka nje. Baadaye akaniambia wapo watoto wanaorudi taratibu. Mimi hiyo taratibu inanitosha.

Usijifungie gereji. Kaa kitandani kwake, mwite, mwulize vile vimaswali vya ovyo alivyokuwa akituuliza sisi mpaka tukaziba masikio. Akitamka neno lolote, hata akikutukana, usihangaike na salamu wala habari za nyumbani. Mpe dereva karatasi yenye neno hilo tu.

Lori linapita hapa kila Ijumaa. Nitakuwa getini.

Dada wa Chiriku