Vikombe Ishirini vya Otozawa

Otozawa, 30 Aprili 2005

Mwanangu Natsuho,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Huku cheri za mlimani zimekwisha kuchanua na mimi sijambo, ukiacha masikio, ambayo msumeno uliyala zamani. Simu usipige, mlio nausikia, maneno siyapati.

Kifurushi kilifika, na barua yako ndani. Hamaguchi, mleta barua, alikishika kwa ncha za vidole. "Mzee Nishioka, binti yako wa chuo kikuu ndiye anayekutumia mavi?" Nikamjibu ndiyo, tena ya kulungu wa mjini, wenye adabu. Sisi ya kulungu wetu tunayakanyaga kila tukitoka mlangoni!

Nimefanya ulivyoagiza. Vikombe ishirini nilivifukia mwanzoni mwa mwezi, mdomo usawa na ardhi, spiriti ndani, mavi yakining'inia juu. Kumi viko ndani ya uzio wa hekalu, wasikoingia kulungu. Kumi viko kwenye mteremko wa juu ya nyumba, ambako wamekula mianzi midogo yote na sasa wanabandua magome ya miti. Dundu wa mavi walionaswa wamo kwenye chupa. Nilipokwenda kukusanya, vikombe vya mteremko vilikuwa vimetokeza juu ya ardhi, kama vidole viwili hivi. Nimevishusha.

Kula vizuri. Nimekuwekea plamu za chumvi.

Baba yako


Nara, 9 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepoa. Je, goti lako?

Asante kwa chupa. Za hekaluni zimejaa dundu. Za mteremko, zote kumi kwa pamoja, zina dundu sita tu! Hilo haliwezekani, baba. Penye kulungu wengi pana mavi mengi, na penye mavi mengi dundu hawakosi chakula. Mwalimu wangu amezitazama akaniuliza kama aliyetega anajua kazi.

Kikombe kikitokeza hata kidole kimoja, dundu anagonga ukuta na kugeuka. Tafadhali vifukie sawasawa. Utafiti wangu mzima umesimama juu ya vikombe hivyo.

Mwanao, Natsuho


Otozawa, 28 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika kama kawaida yake. Mpunga tumekwisha kuupandikiza, mimi na Bi Kinue wa nyumba ya pili, yeye na miaka yake themanini na mitatu ananicheka kwamba mgongo wangu ni mzee kuliko wake.

Nisamehe kwa vikombe. Nilivishindilia kwa mguu, nikapima kwa ubao. Nimerudi baada ya wiki tatu, vile vya mteremko vimetokeza tena, vidole vitatu. Dundu wanne. Vya hekaluni viko kama nilivyoviacha. Nimevishusha tena. Mwambie mwalimu wako kosa ni la mzee, si lako.

Nyuma ya bafu matope yamefika dirishani. Nimeyazoa.

Baba yako


Nara, 6 Juni

Baba,

Habari za huko? Hapa joto limeanza.

Sitaki kukukaripia, lakini umenirudishia kosa lilelile. Hekaluni unaweza, mteremkoni huwezi? Kama kupanda kunakuchosha, sema tu. Kuna mwanafunzi anayetaka kazi hiyo, nitamtuma. Nina mkusanyo mmoja tu uliobaki kabla ya kuandika ripoti.

Natsuho


Otozawa, 22 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima, sichoki, usimtume mtu.

Chupa hizi hapa. Dundu wawili, wadogo. Vikombe vidole vinne. Nimevishusha, na safari hii nimevizungushia mawe. Nipe nafasi moja tena.

Baba yako


Nara, 27 Juni

Baba, baba yangu,

Salamu utanisamehe. Toka kwenye hiyo nyumba. Ukimaliza kusoma hii, chukua koti uende kwa Hamaguchi, ng'ambo ya mto, na Bi Kinue umbebe kama hataki.

Usiku wa jana nilikuwa napanga barua zako nikajumlisha. Vidole viwili, vitatu, vinne. Ni tisa kwa miezi mitatu, na vyote upande wa kulungu. Hekaluni, kwa mkono uleule wako, hakuna hata kimoja kilichotokeza. Vikombe havikupanda, baba. Udongo ndio ulioondoka. Kulungu wamekula kila kilichoushika, jua linaukausha, mvua inauchukua, na dundu hawana pa kuchimba. Haya yote uliniandikia, mimi nikakujibu kuhusu mikono yako. Naona aibu ya kufa.

Nimepiga simu ofisi ya kijiji. Kijana wa pale anasema mteremko wetu haumo kwenye ramani ya hatari ya maporomoko, na kwamba atapita kukuona akipata nafasi. Redio inasema mvua kubwa inakuja kuanzia kesho. Siwezi kupata basi kabla ya tarehe mbili. Usinisubiri.

Mwanao


Otozawa, 28 Juni

Mwanangu Natsuho,

Natumaini hujambo. Barua yako wiki hii sijaipata. Barabara ya chini imejaa maji, na Hamaguchi amekuja kwa miguu kuchukua za kwenda tu.

Mvua inanyesha tangu alfajiri, lakini chemchemi ya nyuma imekatika ghafla. Bi Kinue alipoona hivyo alifunga mzigo wake. "Chemchemi ikikauka huku mvua inanyesha, mtu halali chini ya mlima!" akanipigia kelele sikioni. Nikamwambia nina kazi ya binti yangu. "Haya! Sikio la kufa halisikii dawa." Nikamjibu langu lilikufa zamani. Amekwenda kwa mwanawe.

Natsuho, nina neno la kukuambia, na nikisubiri sitaliandika. Tangu mwezi wa tano nilijua kwamba si mkono wangu. Nimekata miti kwenye mlima huu miaka hamsini, siwezi kushindwa kufukia kikombe. Ardhi inakwenda. Lakini ningekubishia ungemleta yule mwanafunzi, na barua zako zingekoma. Mwaka jana uliniandikia mara moja, salamu za mwaka mpya, zilizochapwa. Mwaka huu nimekwisha kupata barua tatu. Hata ukinigombeza nazisoma mara mbili mbili.

Kesho asubuhi nitapanda kuvishusha, ili mkusanyo wa mwisho uwe mzuri. Kisha nitakwenda ng'ambo, nakuahidi.

Baba yako


Nara, 1 Julai

Baba,

Yako ya tarehe ishirini na nane imefika leo. Redioni wametaja Otozawa, hawakutaja majina. Simu ya ofisi haipokelewi. Basi la kesho limefutwa. Nitakuja kwa miguu kutoka mahali barabara inapoishia.

Sitaki mkusanyo. Sitaki mwanafunzi. Nitakuandikia kila wiki.

Nijibu, baba. Nijibu hata neno moja.

Mwanao, Natsuho