Maneno ya Mama Ndita

Jumapili, 3 Februari

Kwako binti yangu mpendwa,

Hujambo? Shangazi yako hajambo? Goti lake linamwacha alale? Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia, ndiyo maana nimeshika kalamu leo badala ya kujilaza kama wenzangu.

Kazi nimeizoea. Ni udobi, lakini udobi wa kiwanda. Mashuka ya hospitali yanaletwa kwa magunia, na mimi nimepewa mashine ya mwisho, ile ya kuchemshia, yenye mlango wa duara kwa mbele. Natia, nafunga, nasimama mbele yake mpaka maji yamalize kutokota. Kilichonishinda ni lugha. Nina maneno saba tu: ndiyo, hapana, asante, moto, kesho, choo, na jingine ambalo kila nikilisema wanacheka, kwa hiyo nimeliacha.

Sasa sikiliza kinachonitia hofu. Kuna mama mmoja mtu mzima anapanga mashuka kwenye meza iliyo karibu nami. Nimempa jina Mama Ndita, maana paji lake sijaliona likikunjuka. Kila asubuhi, msimamizi akigeuza mgongo tu, ananisogelea, ananikazia macho na kuninong'oneza maneno yale yale. Akisikia viatu, anarudi mezani mbio kama mwizi. Wenzake wanainamisha vichwa. Na nyuma yangu, kwenye msumari, linaning'inia koti la bwana aliyekuwa na mashine hii kabla yangu. Niliuliza kwa mikono yuko wapi, hakuna aliyenijibu. Mwanangu, nani anaacha koti lake kwenye baridi hii?

Nimeyaandika maneno yake jinsi masikio yalivyoyapokea: *oremsulti nebriv, daka nestola*. Wewe unasoma lugha hii mwaka wa pili sasa. Niambie ukweli, ananiapiza? Anataka nifukuzwe?

Ni mimi, Baba yako

*

Jumanne, 19 Februari

Kwako Baba,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Goti la shangazi limepoa, sasa analalamikia bega. Masomo yanaendelea vizuri.

Maneno ya huyo mama yasikutishe. Ni salamu za watu wa zamani, anakutakia asubuhi njema na kazi njema. Mjibu kwa maneno hayo hayo, na utabasamu. Watu wa huko uso mkavu, moyo laini. Lala usingizi, Baba, usijitese bure.

Akupendaye, Binti yako

*

Jumatano, 6 Machi

Kwako binti yangu,

Habari za huko? Mpe shangazi pole ya bega. Mimi kwa mara ya kwanza tangu nifike nimeshinda siku nzima bila kuligeukia lile koti.

Nilifanya ulivyosema. Aliponijia, nikamrudishia maneno yake yote, meno nje. Alishtuka, akashika kifua. Kisha akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, akanigusa mkono. Tangu siku hiyo haji tena kuninong'oneza. Akinitazama ananiinamishia kichwa tu, na mimi namwinamishia changu. Kumbe mwezi mzima nilikuwa naogopa salamu!

Umeona faida ya shule? Mstari mmoja tu wa kwako umenirudishia usingizi. Usije ukaacha somo hilo, hata mkibaki wawili darasani.

Siku hizi mashine yangu ina tabia mpya. Maji yakichemka, mlango unagonga kutoka ndani, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Nadhani ni uzee. Na sisi wazee tuna kelele zetu.

Ni mimi, Baba yako

*

Jumatano, 20 Machi

Baba,

Shikamoo. Soma barua hii hapo hapo ulipoipokelea. Usisimame tena mbele ya ile mashine. Usiifunge, usiiguse, hata msimamizi akikufokea.

Nilikudanganya. Darasa la lugha niliacha tangu Desemba. Tulianza kumi na tisa, wakawa wanatoka mmoja mmoja, na mimi kwenye imla nilipata tisa kwa mia, wakanicheka. Nikajiambia, lugha ya watu nisiowaona itanisaidia nini? Barua yako ilipofika sikuelewa hata neno moja, nikaona aibu, nikatunga. Nilidhani uongo mtamu hauna madhara.

Jana nilisoma habari za mlango unaobisha hodi, nikakumbuka maneno yale nisiyoyaelewa. Nilikimbia mpaka darasani. Mwalimu alikuwa anafundisha wanafunzi wanne. Hakuniuliza nilikopotelea. Alichukua karatasi yako, akaandika maneno ubaoni, akayakata upya, maana wewe uliyaunganisha: *orem sulti ne briv, daka ne stola*.

"Hii *ne* ni nini?" akaniuliza.

Hiyo niliikumbuka. Ni ya kukana. Haifanyi. Usifanye.

"Mlango wa mashine haushiki," akasema. "Usisimame mbele yake. Nani ameambiwa maneno haya?"

Nikamwambia, baba yangu.

Baba, lilikuwa somo la mwaka wa kwanza. Naituma hii kwa njia ya haraka. Nijibu neno moja tu, kwamba umeipata.

Binti yako

*

Jumatano, 24 Aprili

Kwako Baba,

Shikamoo. Mama Ndita ameahidi kukushikia karatasi hii mbele ya macho, wewe uisome mwenyewe.

Mwezi mzima nilikuwa nakwenda posta kila siku, hadi karani akawa ananitikisia kichwa kabla sijafika dirishani. Juzi akanipa bahasha yenye mwandiko nisioujua. Sikumpelekea mwalimu. Nilijifungia na kamusi tangu mchana, nikaisoma mwenyewe, neno baada ya neno, na kila neno nikiogopa linalofuata. Neno "baba yako" nililijua upesi. Lililofuata lilinichukua robo saa nzima. "Yu hai."

Aliyeandika ni Mama Ndita. Anasema mlango ulifunguka tarehe ishirini na moja, siku moja baada ya mimi kukuandikia. Maji yalikumwagikia mkono wa kulia, bega na upande wa uso. Barua yangu ilifika siku kumi baadaye. Hakuifungua, alinakili anwani tu. Anasema mwenye lile koti aliungua vile vile, naye hakurudi. Wafanyakazi walikatazwa kulitaja jambo hilo.

Na ameandika hivi: "Alinirudishia maneno yangu akitabasamu, nikajua ameelewa. Nikaacha kumwambia, kwa sababu msimamizi alikuwa ameanza kuniangalia."

Sentensi hiyo nimeirudia sijui mara ngapi, nikiomba niwe nimekosea kutafsiri. Sikukosea. Yeye alikuwa anakuokoa kila asubuhi, na mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Sina la kujitetea. Nimerudi darasani. Tuko watano. Nisamehe, Baba, ukiweza.

Binti yako

*

Jumapili, 12 Mei

Binti yangu,

Hujambo? Na shangazi yako hajambo? Huu ni mkono wa kushoto, uvumilie. Uso unapona. Jicho moja bado linaona ukungu.

Barua zako zote mbili nimezisoma. La kusamehe tutalizungumza tukionana. Nguvu sina, na sitaki kukuandikia neno jepesi.

Msimamizi amekuja kitandani kwangu hapa hospitalini na karatasi. Alinirekebishia mto, akanimiminia maji. Upole huo umenitisha kuliko ndita zote za Mama Ndita. Anataka nitie sahihi kabla ya tarehe kumi mwezi ujao. Mama Ndita alipoiona alianza kusema kitu, wakamtoa nje. Leo siku ya tatu hajaja.

Nimeinakili herufi kwa herufi. Mistari mitano. Isome. Sina mwingine.

Baba yako

*

Jumamosi, 25 Mei

Kwako Baba,

Shikamoo. Shangazi anakuombea.

Usitie sahihi.

Mstari wa kwanza ni jina lako, nalo wamelikosea. Wa pili na wa tatu inasema mashine ilikuwa nzima, na kwamba wewe ndiye uliyeufungua mlango kabla maji hayajatoka. Wa nne unasema hutamshtaki mtu yeyote. Hiyo minne nina hakika nayo. Nimeitafsiri, nimeificha, nimeitafsiri tena, ikatoka vile vile.

Wa tano una neno nisilolijua. Kwenye kamusi yangu halimo, na mwalimu amekwenda msibani mpaka Jumatatu. Mimi na wenzangu wanne tumeliangalia pamoja, kila mmoja ana lake. Mmoja anasema ni kuondoka kazini, mwingine ni kurudishwa huku kwetu kwa nguvu. Ningeweza kukuchagulia lililo laini ulale vizuri. Sichagui. Silijui, Baba, na ninaogopa.

Mama Ndita nimemwandikia, kwa lugha yake. Hajajibu.

Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni kwa mwalimu. Usiandike jina lako popote kabla barua yangu nyingine haijakufikia.

Binti yako