Nilivyosahau posa kwa ajili ya Konsolata

Gitega, Jumamosi usiku

Sauti imenikauka, lakini ningerudia hata sasa hivi.

Leo kule Muyinga nilikuwa msemaji wa upande wa kijana kwenye posa. Wangemchukua nani mwingine? Mi nimeishi Kigoma, nimefika hadi Nairobi, maneno ninayo.

Mwimbaji alikuwa Konsolata. Tangu ujana nampenda yule dada. Anatunga mwenyewe, anapiga gitaa mwenyewe, na redio haimtaji. Kabla hatujaingia akaniambia, "Kaka, leo ndiyo mwisho. Watu wanaimba nyimbo zangu wakidhani ni za mababu. Nimechoka."

Roho iliniuma. Basi msemaji wa upande wa binti aliponiuliza, kama desturi, tumefuata nini, nikalipuka: "Konsolata! Nyimbo mnazoimba shambani na jikoni, mtunzi wake ni huyu hapa!"

"Mzee wa Gitega," akanikatiza, "unaposa mwimbaji au msichana wetu?"

Ukumbi ulicheka mpaka bia zikamwagika. Kijana wetu, maskini, jasho tupu.

Mama wa binti akasimama. "Dada, ule wimbo niliombembelezea mwanangu ni wako? Mimi najua ubeti mmoja tu. Tupe uliobaki."

Konsolata akaimba beti zote. Kina mama walilia, nami pia, lakini kidogo.

Binti naye tulipewa, nusura nisahau kuandika.

Wakati wa kuagana Konsolata alikuwa amezungukwa na watu. "Kaka, wameniita harusi Giheta. Uje, ila mdomo wako uuache nyumbani."

Nitakwenda na mdomo wangu wote.